Fimbo Nane na Mafuta ya Mbuta

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, mzee wa kanisa anayeheshimika, alilisema hilo mbele ya watu akiwa ameshika sahani ya nyama niliyoinunua mimi. "Wenzako wakirudi kutoka Ghuba hurudi na gari," alisema. "Wewe umerudi na mashine ya kuchonga vijiti. Nakupa msimu mmoja wa mahindi. Utaiuza." Jirani yetu aliyekuwa akitafuna upande wa pili akasema msimu mmoja ni mrefu mno, yeye ananipa hadi palizi ya kwanza. Wengine walisema hakuna binadamu aliyewahi kuishi kwa kunyoosha fimbo za pool, na kama yupo, basi si katika Kaunti ya Migori.

Niliwasikiliza wote nikitabasamu. Mtu mwenye diploma habishani na watu wanaokula.

Nitaeleza kwa ufupi jinsi nilivyoipata diploma hiyo, na mashine, ingawa ningeweza kueleza kwa urefu. Ghuba nilikwenda kufagia. Ukumbi niliopewa ulikuwa wa biliadi, na nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo ambamo mzee mmoja Mfilipino alitengeneza fimbo za wachezaji wa kulipwa. Chumba hicho nilikifagia polepole kuliko vyote. Baada ya mwaka mmoja mzee alinipa kipande cha msasa. Baada ya miaka mitatu alinipa fimbo ya mtu. Jioni nilikaa darasani, karo nililipa mwenyewe, bila mjomba na bila harambee, nikapata diploma ya ufundi wa mbao yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Niliporudi nyumbani nilikuwa na mashine ndogo ya kukereza mbao, iliyomeza karibu akiba yangu yote, na diploma hiyo ndani ya bahasha ya kaki. Mashine niliiweka katika jiko la zamani la mama. Bahasha nilitembea nayo: sokoni, benki, hata kwa kinyozi.

Fimbo za Migori zilinitia uchungu. Mtu anayeishi kwa zawadi za mashindano, anayejua kuupiga mpira mweupe ukaenda ukarudi kama mbwa aliyeitwa, unamkuta ameegemeza fimbo yake ukutani nyuma ya friji, joto linaipinda taratibu. Ile ngozi ndogo ya ncha, ambayo ndiyo inayoubusu mpira, wengine walikuwa wameikata kwenye mshipi uliochakaa na kuigandisha kwa gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli. Nilimwona mmoja akilainisha ncha yake kwa kuisugua kwenye sakafu ya saruji. Nilitoka nje kupumua.

Siku ya kwanza nilipoingia katika ukumbi wao wa pool nikiwa na bahasha yangu, timu nzima ya Migori ilikuwapo, wachezaji wanane. Kapteni alikuwa mchimba dhahabu wa Masara, mtu mwenye viganja vipana kama sufuria. Aliisoma diploma yangu kuanzia juu hadi chini, midomo ikitembea.

"Omera, ndugu yangu," alisema, "hii imeandikwa mbao. Haijaandikwa pool."

"Fimbo ni mbao," nikamjibu.

"Hata mlango ni mbao. Niuite ucheze?"

Wakacheka. Mwanamke pekee katika timu, mwuza mitumba aliyekuwa akiwashinda wanaume wote pale isipokuwa kapteni, akanibatiza hapo hapo. "Mwacheni Jadiploma aseme," alisema, na jina hilo limenishika hadi leo. Kwa Kijaluo maana yake ni mtu wa diploma, na sioni kosa lolote ndani yake.

Nikasema. Niliwaambia kwamba sitaki pesa zao. Nataka wanikopeshe fimbo. Kila mmoja anipe fimbo yake mwenyewe, anayoipenda, niende nayo kwa wiki mbili hadi siku ya mechi yao na Homa Bay. Siku hiyo, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, nitamrudishia kila mmoja fimbo yake ikiwa bora kuliko alivyonipa. Nikishindwa hata kwa fimbo moja, wachukue mashine yangu.

Kapteni akaacha kucheka. "Mashine inayozunguka? Inaweza kuchonga mipini ya sururu?"

"Inaweza kuchonga chochote."

"Basi ushindwe," alisema kwa furaha, akanipa fimbo yake. "Kule Masara tunavunja mipini sana."

Hivyo ndivyo nilivyojipatia wakopeshaji wanane kwa mchana mmoja. Wako wanaokopa pesa. Mimi nilikopa fimbo, na rehani ikawa maisha yangu yote ya Ghuba, kilo sitini na tatu za chuma.

Wiki mbili zile nilikuwa na raha isiyo na adabu. Fimbo ya mchezaji ni kama mswaki wake, inakueleza mengi ambayo yeye mwenyewe hawezi kukuambia. Kapteni alitaka uzito, na uzito wote uwe nyuma mkononi, kwa hiyo nilimchimbia shimo dogo kitakoni mwa fimbo na kutia kipande cha madini ya risasi. Mwuza mitumba alitaka fimbo nyepesi na nyembamba mbele, yenye ngozi laini, maana yeye hapigi mpira, anaubembeleza. Mchezaji wa tatu nitakayemtaja alikuwa mbadilisha pesa wa Isebania mpakani, kijana mtanashati mwenye fimbo ya vipande viwili inayoungwa katikati kwa skrubu ya shaba. Yeye alikuja kuikagua kazi mara mbili. Aliinua fimbo juu na kuitazama dhidi ya jua, akiigeuza, kama anavyotazama noti ya mgeni.

"Unatafuta nini, kaka?" nilimuuliza.

"Sijui, bwana. Mkono umezoea."

Nilizinyoosha zote. Fimbo iliyopinda hainyooshwi kwa goti, kama walivyofanya wao. Inapashwa joto kidogo, inakandwa, inaachwa ipumue, inakandwa tena, kama mgongo wa mgonjwa. Nilibandika ngozi mpya kwenye ncha nane na kuzichonga mviringo wake ufanane na ukingo wa shilingi kumi. Nilipiga msasa hadi mbao zikawa laini kama shavu la mtoto. Ikabaki kazi moja tu, kuzipaka mafuta ili unyevu wa ziwa usiziingie, maana Homa Bay iko ufuoni na mbao hunywa hewa. Mafuta yanayofaa ni ya mbegu za kitani. Nilikuwa nimeagiza chupa kutoka Nairobi na mzigo ulikuwa ufike Alhamisi.

Haukufika Alhamisi. Ijumaa saa tisa alasiri ulikuwa bado haujafika, na mechi ilikuwa Jumapili.

Hapa lazima nieleze sheria za boma letu. Mama ni Msabato wa kweli. Umeme wa karakana nalipa mimi, lakini ardhi ni yake, na jua la Ijumaa likishazama hakuna chombo kinachosogea hadi jua la Jumamosi lizame. Si mashine, si msasa, si hata kitambaa. Alikuwa ameketi kwenye kibao mlangoni pa karakana, akichambua mboga za Sabato na kulitazama jua kama refa anayetazama saa.

"Wuoda," aliniita, mwanangu, "jua linashuka."

"Naliona, Mama."

"Unaliona lakini hulisikilizi."

Ndipo nilipoiona ile chupa. Ilikuwa rafuni, juu ya kichwa chake, imejaa mafuta ya mbuta ambayo shangazi alikuwa amemletea kutoka ufuoni, yale yanayotoka samaki huyo mkubwa anapokaangwa, mazito, ya manjano, mazuri. Na akili yangu, ambayo imesoma, ilinikumbusha somo moja. Mwalimu wetu wa jioni alisema kwamba zamani mafundi wa boti walipaka mbao mafuta ya samaki, yakakauka na kuikinga mbao dhidi ya maji. Nilijiona nimeunganisha Ghuba na Nyanza kwa chupa moja.

"Mama, nikopeshe haya mafuta."

"Unataka kukaanga nini?"

"Ni ya kazi. Nitakurudishia chupa ikiwa imejaa."

Alinyoosha mkono, akaishusha chupa. "Ikiwa imejaa," alirudia, akanipa.

Nilipaka fimbo nane mbio mbio, jua likiwa limebakisha upana wa kidole juu ya migomba. Nilitaka kupaka kidogo, niache, kisha nipanguse. Nilikuwa natia tone la mwisho kwenye fimbo ya mbadilisha pesa mama alipopiga makofi mara mbili. "Sabato njema," alisema, akafunga mlango wa karakana na kuweka ufunguo kifuani.

Kupangusa sikupangusa.

Nilikaa kanisani Jumamosi yote nikijua kwamba fimbo nane za watu zinakunywa samaki. Mjomba alihubiri juu ya subira. Aliniangalia mara nyingi. Baada ya jua kuzama nilifungua mlango, nikapokelewa na harufu ya kibanda cha samaki. Mafuta yalikuwa hayajakauka, wala hayakuwa na nia ya kukauka. Sasa najua kwamba zamani mafuta ya samaki yalichemshwa kwa siku nyingi kabla ya kupakwa. Somo hilo lilikuwa la wiki iliyofuata, na wiki hiyo nilikuwa na zamu ya kufagia. Nilipangusa nilichoweza kupangusa, nikazifunga kwenye turubai, nikajiambia hewa ya njiani itazikausha. Mtu mwenye mashine rehani huamini mambo.

Ukumbi wa Homa Bay uko karibu na soko la samaki. Ningelijua hilo, ningehama nchi. Tulifika Jumapili saa nne asubuhi, kapteni akiwa ametoka misa ya kwanza, na nilipofungua turubai juu ya benchi nilisikia sauti ndogo mlangoni. Paka mmoja. Kisha mwenzake. Walipofika saba niliacha kuhesabu. Waliingia kwa heshima, mikia juu, kama wageni walioalikwa, wakaketi mbele ya benchi langu wakinitazama machoni.

Kapteni wa Homa Bay, jamaa mfupi mwenye fulana ya manjano, alisimamisha mazoezi. "Yawa, jamani! Migori mmekuja kucheza ama mmebeba chakula cha mchana?"

"Fukuzeni paka wenu," kapteni wetu alisema.

"Hao ni wenyeji. Wageni hawafukuzi wenyeji. Na nyinyi mmewaletea zawadi, wacha wasalimie."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kapteni wetu alichukua fimbo yake, akainama mezani, akaweka mkono wa kushoto kwenye kitambaa na kujaribu kupitisha fimbo kati ya vidole. Ilikwama kama mguu kwenye matope. Alijaribu tena. Kisha alinusa vidole vyake, taratibu, kimoja kimoja.

"Fundi," alisema bila kuinua kichwa. "Nakuuliza mara moja tu. Umepaka nini?"

"Mafuta."

"Ya nini?"

"Ya asili."

"Ya nini, fundi?"

"Ya mbuta."

Mwuza mitumba alianza kucheka kimya kimya, mabega tu, halafu ikamshinda, akaketi chini kabisa akipiga sakafu kwa kiganja. Paka mmoja akampandia mapajani. Mbadilisha pesa aliinua fimbo yake kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaishusha. "Bwana," aliniambia kwa huzuni, "hii ni bandia."

"Mechi ni baada ya saa moja," kapteni alisema. "Mimi nitatumia muda huo kufikiria mashine yako nitaiweka upande gani kule Masara."

Watu wengi wangelia. Mimi nilisikia furaha ikinipanda kutoka miguuni, kichaa kabisa, kama ile ya mtu anayeteremka mlima na baiskeli isiyo na breki. Nilizibeba fimbo nane begani nikatoka mbio, paka wote nyuma yangu, na Homa Bay yote iliyokuwa barabarani ikajipanga kutazama.

Mafuta yakizidi kwenye mbao, lazima kipatikane kitu kikavu kuliko mbao kiyanyonye. Pale nje kulikuwa na mama mmoja anayepika chapati, na pembeni mwake mwenzake aliyeuza unga wa muhogo. Nilinunua unga wote uliokuwa kwenye debe.

"Mama, tafadhali nikopeshe kikaango."

"Cha chapati?" Mama chapati aliwatazama paka, akazitazama fimbo. "Unapika nini, baba?"

"Fimbo."

"Haya," alisema, kama mtu aliyewahi kusikia mabaya zaidi. "Ukikirudisha bila kuosha, nitakukuta hata Migori."

Nilipasha unga wa muhogo hadi ukawa moto wa kuchoma kiganja, nikausugua kwenye fimbo moja baada ya nyingine, nikakung'uta, nikasugua tena. Unga ulitoka wa manjano. Mara ya pili ulitoka wa rangi ya maziwa. Mara ya tatu ulitoka mweupe. Lakini mbao iliyosuguliwa unga bado si laini, inashika mkono. Kinachotakiwa mwishoni ni karatasi ngumu, uifunge kwenye mbao na kuivuta mbele na nyuma haraka hadi joto la msuguano liing'arishe. Nilitazama kulia na kushoto. Magazeti ni laini mno. Maboksi ni mazito mno. Inayofaa hasa ni kaki.

Bahasha yangu ilikuwa kwapani.

Niliichana bila kufikiri, na hilo ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote, maana mtu mwenye kiburi anapoacha kufikiri ndipo ufundi unapofanya kazi. Kipande kimoja kilitosha fimbo mbili kabla ya kuchanika. Bahasha yote iling'arisha fimbo saba. Ya nane ilikuwa ya mwuza mitumba, nyembamba, inayotaka ulaini kuliko zote, na mkononi nilibaki na karatasi moja tu. Ilikuwa nzito, nzuri, yenye muhuri.

"Hiyo si cheti?" mama chapati aliuliza.

"Ni diploma."

"Wewe!"

Niliikunja upande usio na maandishi, nikaifunga kwenye fimbo, nikavuta. Sijawahi kuona mbao ikikubali namna ile. Ilitoa joto, ikatoa mng'ao, vidole vikateleza juu yake kama maji. Nasema hivi kwa uzito wote: siku zote nilizoibeba diploma ile kuwaonyesha watu haikuwahi kunifanyia kazi yoyote. Siku hiyo ilifanya.

Niliosha kikaango kwa mchanga na maji ya moto, nikamrudishia mwenyewe. Alikikagua ndani na nje, akaridhika. Mkopeshaji wa kwanza huyo kulipwa.

Nilipoingia ukumbini zilikuwa zimebaki dakika chache. Nilimpa kila mtu fimbo yake mkononi, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kapteni aliinama mezani. Fimbo ilipita kati ya vidole vyake mara moja, mara mbili, bila sauti. Mafuta yaliyobaki ndani ya mbao yalikuwa yameziba vinyweleo vyote, na kaki ilikuwa imeyafunga humo. Sitaki kusema nilipanga hivyo, lakini sitawazuia watu wakisema. Alipiga mpira mweupe. Ulikwenda, ukarudi, ukasimama palepale ulipoondokea.

Alinusa vidole tena. "Bado inanuka samaki."

"Ulisema iwe bora," nikamwambia. "Hukusema inuke nini."

Alijaribu kukunja uso, lakini kicheko kikaanza kumshinda. "Mashine baki nayo," alisema. "Mipini nitanunua."

Wengine sita, mmoja baada ya mwingine, waliinama, wakajaribu, wakaitikia kwa kichwa. Mbadilisha pesa aliishika fimbo kwenye mwanga na kusema ni halali. Aliyebaki ni mwuza mitumba, na yeye alikataa kusema lolote hadi acheze. Mechi ilikwenda nne kwa tatu, wao mbele, zamu ikawa yake, na sare tu ndiyo ingetutoa na heshima ugenini. Mpira mweusi, wa mwisho kutiwa shimoni, ulikuwa umelala kwenye ukingo wa mbali, na paka mmoja mweupe alikuwa amepanda mezani, ameketi karibu na shimo, macho yamekazia ncha ya fimbo yake.

"Refa, paka," alisema.

"Mwenyeji," kapteni wa Homa Bay alikumbusha.

Akapaka chaki polepole. Akainama. Akaubembeleza mpira. Mweusi ukatambaa ukingoni, ukapita chini ya pua ya paka aliyegeuza kichwa kuusindikiza, ukaanguka. Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Mwuza mitumba aliinua fimbo yake juu, akaibusu, akakunja uso.

"Jadiploma," alisema, "deni lako limeisha. Lakini wiki ijayo uje unitoe hii harufu. Nitalipa." Na wenzake saba, waliosikia neno kulipa, wakapanga foleni nyuma yake.

Kabla ya kuondoka Homa Bay nilipita kwa wakaanga samaki, nikajaziwa chupa ya mama hadi shingoni. Nilifika nyumbani jua la Jumapili likizama. Mama alikuwa kwenye kibao chake, na mjomba kando yake na kikombe cha uji. Niliweka chupa mbele ya mama. Aliiinua, akaipima kwa jicho, akafungua, akanusa, akafunga.

"Imejaa," alisema. "Na ile karatasi yako iko wapi? Umetoka na bahasha, umerudi bila."

Nilitoa diploma mfukoni. Ilikuwa imekunjamana, na mafuta ya mbuta yalikuwa yameingia katikati, yakaifanya ionyeshe kama kioo. Mama aliinua karatasi dhidi ya mwanga uliobaki, akaona vidole vyake upande wa pili, na jina langu juu yake. Mjomba akasogeza kichwa kutazama, akanusa, akauliza kama kuna samaki.

"Hapana," mama alimwambia. "Ni cheti cha mtoto. Kunywa uji."